Juisi ya nanasi, kisha sindano: uzoefu wangu na MRI ya mirija ya nyongo

Kabla ya kuingia kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nilinyweshwa juisi ya nanasi. Mke wangu alidhani nimemsikia vibaya daktari.

Nilikuwa nimetolewa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo, kilijaa vijiwe. Siku ya nane ubavu wa kulia ukaanza kuuma, usiku homa. Altrasaundi ikaonyesha maji yamekusanyika chini ya ini. Yalikuwa damu, usaha au nyongo? Altrasaundi haikuweza kusema, nikaandikiwa MRI ya mirija ya nyongo hapa hapa Dar.

Picha ya kwanza haina sindano kabisa. Mashine hupangwa ili majimaji yaliyotulia yatoke meupe na nyama itoke nyeusi, kwa hiyo nyongo iliyomo mirijani inajianika yenyewe. Tatizo ni kwamba maji ya tumboni na ya utumbo nayo hung'aa, na utumbo umekaa palepale mrija mkuu wa nyongo unapomwaga. Ndiyo kazi ya nanasi: lina madini ya manganizi, na manganizi huzima ule weupe. Niliambiwa nifunge kwa muda wa saa sita na nije na juisi isiyotiwa sukari. Tulichukua nanasi la Kiwangwa, mke wangu akalisaga, akachuja mara mbili, akatia kwenye chupa ya maji. Nikagida vikombe viwili nimesimama pale mlangoni. Kwenye tumbo tupu ile chachu inapanda hadi puani.

Picha zikatoka safi, hakuna jiwe lililosahaulika. Lakini yale maji chini ya ini yalikuwa meupe kama maji mengine yote, na ripoti haikusema yametoka wapi. Hapo nilikasirika, sitaficha. Swali la daktari tangu mwanzo lilikuwa kama nyongo inavuja, na picha ile hailijibu swali hilo. Inaonyesha maji yalipo, haionyeshi yanakotoka. Si angeniambia mtu mapema? Nikarudi baada ya siku mbili kwa MRI nyingine, hii ya kuchomwa sindano ya dawa inayoonyesha nyongo inakokwenda, foleni upya, na bima ikagoma kulipia sindano. Nikatoa mfukoni.

Safari ya pili nilipimwa damu kwanza. Figo, kwa sababu dawa yenyewe ina gadolini, metali inayong'arisha picha za MRI, na figo mbovu huchelewa kuitoa. Pia bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo iliyomo kwenye damu, maana ikipanda sana ini linashindwa kuifyonza dawa na picha inatoka hafifu. Mwenye macho ya manjano aulizie hili kabla hajalipa. Yangu ilikuwa sawa.

Dawa inaitwa gadoksetati. Dawa nyingi za gadolini za MRI hutoka karibu zote kwa mkojo. Hii, kwa mtu mwenye ini na figo nzima, karibu nusu huchukuliwa na ini na kumwagwa kwenye nyongo. Maana yake inapita njia ileile ya nyongo, na ukiifuata unaona nyongo inakokwenda. Kipimo ni mililita 0.1 kwa kila kilo. Mimi wa kilo 68 nikapata kama mililita 7, kijibomba kidogo hata nikashangaa ndicho kilichonigharimu vile.

Nilikuja na chupa yangu ya nanasi kama kawaida. Dada wa mashine akacheka. "Leo hapana, baba. Kwenye picha za leo hiyo juisi inang'aa, tutashindwa kujua ipi dawa ipi nanasi." Nikairudisha kwenye mfuko.

Dawa ilipoingia mkono ulipoa hadi kwenye kwapa, halafu kwa sekunde chache pumzi ikawa fupi, wakati ndio nimeambiwa "toa pumzi, shika hapohapo". Nikashindwa kushika. Nilibonyeza kile kipira cha kuitia. Akaniambia hutokea kwa baadhi ya watu na hupita haraka, na kweli ikapita, ila ningependa kulijua hilo nikiwa bado nimekaa kitini, si ndani ya lile bomba linalogonga kama fundi wa bati.

Jambo jingine ni muda. Dawa huhitaji kama dakika 20 kufika mirijani, na kama inatafutwa sehemu inayovuja wanasubiri zaidi. Mimi nilitolewa, nikakaa korido na shuka begani, nikarudishwa baada ya saa nzima. Vaa soksi.

Daktari wa picha alinionyesha kwenye kioo. Dakika ya 20 mirija imewaka ndani ya ini kama mizizi, maji ya chini ya ini bado meusi. Picha ya saa moja, yale maji yameanza kuwaka ukingoni, na kuna uzi mwembamba mweupe unaotoka kwenye kishina cha mrija uliofungwa siku ya upasuaji. Nilipouona ule uzi sikuhitaji kusoma ripoti.

Kama shida yako ni jiwe kwenye mrija, ningekuambia uanze na ile ya nanasi, sindano iache. Kama umefanyiwa upasuaji na wanashuku kuvuja, muulize daktari siku ileile kama ameandika sindano ya ini, na uipeleke kwa watu wa bima kabla ya kupanga foleni.

Niliwekewa stenti, kijibomba cha kuacha nyongo ipite mrijani, kwa kamera ya kupitia mdomoni, maji yakatolewa kwa mrija ubavuni. Ile chupa ya nanasi niliisahau kwenye mfuko wa nguo za hospitali. Tuliikuta siku nne baadaye, imevimba.