Daino ya fundi asiyependa kukisia

Kilichonifurahisha kwenye karakana hii si daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu ya gari, ni fundi. Kabla ya kuwasha chochote alipima upepo wa matairi, akakaza mikanda inayofunga gari juu ya rola, akasogeza feni kubwa mbele ya rejeta. Kisha akapima kwa gia ya nne, ambayo kwa gari langu iko karibu na uwiano wa 1:1, yaani giaboksi inazungusha karibu sawa na injini.

Karatasi ikatoka: nguvu za farasi 142 kwenye magurudumu. Nikamwomba aongeze ile asilimia 15 ambayo mtaani husemwa hupotea njiani kutoka injini hadi magurudumu, nipate nguvu ya injini yenyewe. Wapi! Alisema kinacholiwa na giaboksi, difu na matairi hakina asilimia moja. Hubadilika na kasi, joto la oili, hata mikanda ikikazwa mno. Yeye alikanyaga klachi mwishoni, akaacha rola zipungue kasi zenyewe, mashine ikasoma ukinzani. Nayo ni makadirio tu, maana wakati huo giaboksi haibebi mzigo wa injini.

Kasoro? Grafu imechapwa kwa wino hafifu, mstari wa torki (nguvu ya kuzungusha) huuoni. Lakini nikibadilisha ekzosi nitarudi palepale, kwenye rola zilezile, nilinganishe na hiyo 142.