Mshauri wa usalama kazini: siku moja karakanani kwangu

Nina karakana ya useremala Magongo, Mombasa. Mafundi tisa, msumeno wa meza mmoja, randa ya umeme moja. Mwaka jana fundi wangu alikatwa ncha ya kidole cha shahada. Nilimkimbiza hospitali, nikalipa bili yote, nikampa na pesa ya unga kwa mwezi mzima, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Kumbe sikuwa hata nimeanza.

Hilo nimelijua mwezi huu kwa mshauri niliyemlipa shilingi 15,000 aje atufundishe siku nzima. Amesajiliwa na DOSHS, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na wateja wake wengi ni waajiri wadogo kama mimi.

Hakuanza na sheria, na hapo ndipo aliponipata. Alivuta kiti karibu na msumeno, akatazama kazi kama nusu saa hivi bila kusema neno. Kisha akamwomba kijana anayepasua mbao asukume kipande kifupi kama anavyofanya siku zote. Kijana akasukuma kwa kiganja. Mshauri akamwambia asimamishe mkono hapo hapo, mashine ikazimwa, akapima kwa rula kutoka kidole gumba hadi meno ya msumeno: sentimita nne. Hakumgombeza. Aliokota kipande cha mbao chini, akakitia pengo mwishoni, akampa. "Sukuma na hiki." Kijiti hicho kimefungwa kwa kamba kwenye meza mpaka leo. Na ile kinga ya chuma, iliyokaa rafuni tangu tununue mashine, ilifungwa kabla ya chai ya saa nne.

Ndipo akafungua Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mimi nikidhani ni ya viwanda vikubwa vya Changamwe. La, inanihusu na mimi. Kamati ya usalama ni kuanzia wafanyakazi 20, hiyo hainihusu. Lakini kusajili karakana, kuandika sera ya usalama, na kukaguliwa na mshauri aliyesajiliwa walau mara moja kila miezi 12, hayo yote ni juu yangu. Kando ya randa, kipima kelele kilisoma desibeli 97. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinaruhusu desibeli 90 kwa saa nane, basi. Fundi wa randa amekuwa akijiziba masikio kwa pamba.

Nilipomsimulia habari ya kidole, aliweka kalamu chini. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, WIBA, pia ya 2007, inamtaka mwajiri aripoti ajali ndani ya siku saba na awe na bima ya wafanyakazi. Kidole kina hesabu yake ya fidia kwenye jedwali la sheria hiyo. Nilimtazama fundi wangu, aliyekuwa amekaa pale pale akisikiliza, nikaona haya. Kesho yake asubuhi tuliongozana hadi ofisi ya idara. Tumechelewa, lakini faili limefunguliwa.

Sasa lawama zangu. Ripoti ilikuja kurasa 31 za Kiingereza. Aliyetuelewesha kwa Kiswahili kizuri namna ile anatuandikiaje hivyo? Ilibidi nipige simu mara tatu na kungoja siku kumi na moja ndipo nikapata kurasa mbili za Kiswahili za kubandika ukutani. Na upande wa vanishi na thina alipita mbio, akasema tu tufungue madirisha. Nina vijana wawili wanaopaka vanishi tangu asubuhi hadi jioni, na mmoja huumwa kichwa kila Ijumaa.

Nyota nne kati ya tano. Ukimwita, patana naye kabla hujalipa: ripoti iwe ya Kiswahili, na aje siku mnayopaka vanishi.