Dahaad: ule udi wa kituoni umenikera hadi leo

Haya watu wangu, karibuni tena. Sauti leo ina mwangwi, nimehamia chumba kipya na mapazia bado, mtanivumilia.

Dahaad. Tamthilia ya India, 2023, vipindi 8, kazi ya Zoya Akhtar na Reema Kagti, iko Prime Video. Sonakshi Sinha ni Anjali, polisi, Vijay Varma muuaji. Wala sijakuharibia uhondo, utamjua mapema tu. Wanawake wanakutwa wamekufa vyooni, mlango umefungwa kwa ndani, polisi wanaandika kajiua, basi. Nyumbani nako kimya, maana binti katoroka na mwanamume, ni aibu. Wengi ni wa familia zisizo na pesa ya mahari, na kule mahari inatoka kwa mwanamke! Sheria iliikataza tangu 1961, lakini thubutu.

Sasa udi. Subiri nirudishe nyuma... hapa. Mwangalieni huyu askari. Anjali anapita, na kicheo Anjali ni mkubwa wake. Jamaa anachukua kijiti cha udi, anawasha, anapeperusha moshi pale alipopita. Hasemi neno! Eti hewa imechafuka, kapita mtu wa tabaka la chini. Jina la ukoo wa kina Anjali ni Meghwal, ukilisikia tu unajua tabaka lao, baba yake ndiye aliyelibadilisha likawa Bhaati, watoto wapumue. Jina limebadilika, moshi uko palepale. Mimi kwetu udi unafukizwa mgeni akija, bibi harusi anafukizwa nguo. Huyu anamfukizia mtu kumsafisha kama mdudu! Na katiba yao ilishapiga marufuku mambo hayo tangu 1950. Mtazameni Sonakshi sasa: hageuki. Shingo tu inakaza kidogo, hapo, umeona? Nimeirudia mara nne, bando likakata.

Ujanja mwingine ni wa yule kaka. Dada yake kapotea, kituoni hawamsikilizi. Wakati huohuo binti wa ukoo wa Thakur, wale wa tabaka la juu, katoroka na kijana Mwislamu, wanasiasa wako barabarani, mji unawaka. Jamaa akasoma mchezo: akarudi akidai dada yake naye kachukuliwa na Mwislamu. Uongo mtupu, na ndio uliofungua faili! Nilimchukia, halafu nikajiuliza, ukweli si alishausema wakamfukuza?

Katikati inaburuta, sikufichi. Cha tano nilikuwa nakatia mboga. Lakini bora hii kuliko zile za mama mkwe anageuka mara tatu na radi inapiga.

Bei: kama ni kwa ajili ya hii peke yake, lipia mwezi mmoja, itazame, sitisha. Maandishi nilisoma ya Kiingereza, kwa hiyo ukiwa na bibi nyumbani jiandae kumtafsiria.

Kengele mbonyeze. Jumatano sipo, fundi mapazia anakuja. Ijumaa saa 2 usiku tunaendelea, na atakayenitajia tamthilia ya mama mkwe nitamfukizia udi.