Seti za kalamu za mbao nilizonunua Arusha: nne zimepasuka, na jibu nililopewa bado linaniuma

Duka silitaji jina. Lakini yaliyonipata nayasema, maana nimeyabeba tangu kabla ya masika na hayajanitoka.

Nina karakana ndogo hapa Moshi. Nakereza miguu ya stuli, vinu, vishikio vya milango. Kalamu sikuwahi. Mwalimu aliyenishika mkono darasa la kwanza nikaandika herufi "a" alikuwa anastaafu, nikasema huyu simpelekei kanga, namkerezea kalamu ya mpingo kwa mkono wangu. Nikapanda Coaster hadi Arusha, nikanunua seti kumi za vifaa vya ndani (vibomba vya shaba, ncha, na mtambo wa kuzungusha unaotoa na kurudisha wino; mbao unaweka mwenyewe), zile nyembamba za kuzungusha katikati. Kijana wa kaunta akahesabu hela, akanipa mfuko. Nikamuuliza kuna la kuzingatia kwa anayeanza? Akajibu, "Rahisi tu, mzee. Toboa, gundisha, kereza, bana."

Rahisi tu!

Kalamu ya kwanza ilitoka yai. Upande mmoja mbao imelingana na bushi, ile pete ya chuma inayokuonyesha unene wa kuishia, upande wa pili imevimba. Hilo nilikuja kuligundua mwenyewe: nilikaza mno kichwa cha nyuma cha mashine, ule ufito mwembamba unaoshika vipande ukapinda. Nikalegeza, mambo yakanyooka. Kwa hilo simlaumu mtu.

Ninalolalamikia ni kupasuka. Umetoboa mpingo kwa biti ya milimita 7 polepole, unaichomoa kila mara kutoa unga ili mti usipate moto. Umegundisha kile kibomba cha shaba ndani. Umekereza mpaka mbao imebaki nyembamba kama ganda. Umepiga msasa, umeng'arisha, inawaka nyeusi. Saa mbili zimekwenda. Unaiweka kwenye jiriwa uisukumie ncha, kazi ya mwisho kabisa, unasikia "ta!" Ufa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande. Nilikaa chini sakafuni.

Nikasema labda mpingo wangu haujakauka. Mpingo ni mti mzito, unazama majini, na ukiharakishwa unapasuka hata ukiwa umelala kwenye rafu. Basi nikachukua mninga wa zamani, uliotoka kwenye mlango uliovunjwa, mkavu kabisa. "Ta!" Nikarudi kwenye mpingo mwingine. "Ta!" Kufikia wa nne nilikuwa nimeshahukumu: vifaa ni vibovu, ncha zimetengenezwa nene kuliko vibomba, nimeibiwa.

Nikarudi Arusha na zile nne kwenye bahasha. Nauli tena, siku nzima ya kazi tena. Yule kijana aliitoa moja, akaiangalia kama mtu anavyoangalia sarafu iliyofutika, akaitupa juu ya kaunta. Mbele ya wateja watatu akasema, "Mzee, asiyejua kucheza husingizia uwanja." Wakacheka. Mimi ni fundi wa miaka mingi, nina watoto wa umri wake. Sikurudishiwa hela wala sikuelezwa kitu. Hata "pole" sikuisikia.

Siku ile ningeandika: msikanyage pale, vifaa ni feki, wezi watupu. Nashukuru sikuandika, maana ningesema uongo nusu.

Nilipotoka, mzee mmoja aliyekuwa akinoa patasi uani alinifuata. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mdogo wangu, hebu nione." Akainua kalamu juani, akachungulia ndani ya kibomba kama darubini. "Unaona ukoko huu?" Nikauona. Gundi iliyoingia ndani nilipokuwa nagundisha, ikagandia ukutani mwa shaba. Unene wa ukucha tu. Lakini ncha inaingia kwa kubana, na ikikuta gundi inakitanua kibomba, na mbao iliyobaki nyembamba vile haina pa kwenda ila kupasuka. Kisha akasimamisha kipande kwenye kucha ya kidole gumba: kikaegemea. Kingo hazikuwa mraba, kwa hiyo nguvu yote ilikuwa inalalia upande mmoja. Akaniambia nizibe mdomo wa kibomba kwa nta au kipande cha kiazi kabla ya gundi, nipitishe tupa ndogo ya mviringo ndani, nilinganishe kingo kabla ya kukereza. Na mpingo una mafuta, kwa hiyo nikwaruze shaba kwa msasa na nifute tundu kwa asetoni, gundi ishike kote.

Dakika tano. Hakunidai hata shilingi.

Seti sita zilizobaki, tano zimetoka safi, hakuna ufa. Ya sita nimeiharibu mimi: nilisukuma mtambo wa kuzungusha kwa pupa, ukazama mno, sasa wino hauingii ndani hata uzungushe vipi. Sukuma kidogo, weka wino, zungusha, tazama, ndipo usukume tena.

Kwa hiyo vifaa ni vizuri. Nasema wazi, vizuri sana, mng'ao haujatoka mpaka leo. Nilitaka kuwapa nyota nne. Halafu nakumbuka kwamba sherehe ya mwalimu ilipita nikiwa bado napasua, na nilimpelekea kalamu yake nyumbani Kibosho wiki kadhaa baadaye, wageni wameshaondoka, viti vimerudishwa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaandika jina langu kwenye kipande cha gazeti. Ningetaka afanye vile mbele ya watu. Sentensi moja tu ya yule kijana, "safisha ndani ya kibomba," ingetosha. Basi nyota ni mbili. Moja ya vifaa, moja ya mzee wa uani, ambaye sijui hata kama wanamlipa.

Nimeagiza seti nyingine ishirini. Hela nimempa dereva wa Coaster, na ndani ya bahasha nimemwekea yule mzee kalamu moja ya mninga. Mimi pale kaunta sisimami tena.