Antena ya redio kwa gari la zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Redio ya gari lako ikiwa haishiki stesheni, kabla ya kutoa hata shilingi chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Kata waya wa kawaida wa umeme wenye urefu wa sentimita 75, menya ncha moja, uichomeke kwenye tundu la katikati ambamo pini ya plagi huingia, kisha utoe waya uliobaki nje ya dirisha bila kuuacha ulale juu ya bati. Stesheni zikirudi, antena yako imekufa. Zisiporudi, ugonjwa uko kwenye redio yenyewe. Na kama gari limetoka Japani na redio yake ya asili, angalia kwanza namba za masafa: redio nyingi za huko zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90 MHz, wakati huku kwetu stesheni zinatumia 88 hadi 108. Redio hiyo hata ukiifungia mnara haitashika stesheni ya 98.

Urefu wa sentimita 75 una sababu. Wimbi la 100 MHz lina urefu wa mita 3, na fimbo ya antena hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya wimbi. Kwa 88 MHz robo hiyo ni kama sentimita 85, kwa 108 ni kama 69. Kwa hiyo katika orodha ifuatayo, urefu ndio ulioamua mengi.

1. Fimbo ya chuma ya kuvuta kwa mkono

Hii ndiyo tunayoishauri kwa magari mengi: Beetle, Peugeot 504, Datsun, Land Rover za zamani. Haina mota, haina kikuza mawimbi, haihitaji waya wa moto. Tafuta yenye urefu wa sentimita 75 hadi 90 ikivutwa yote, na vipande visivyolegea ukiitikisa. Nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu kwenye fimbo, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kwa gari la Mombasa, Tanga au Unguja chumvi ya bahari itakimaliza mapema. Shaba iliyopakwa kromu haivutwi na sumaku, na chuma kisichoshika kutu huvutwa kidogo sana au hakivutwi kabisa.

Pima tundu la zamani kwenye bati kabla ya kununua. Antena nyingi za aina hii zinataka tundu la milimita 19 hadi 22. Tundu likiwa dogo, panua kwa tupa ya duara taratibu; likiwa kubwa, nunua antena yenye kitako kipana, usijaze washa (pete za bati) juu kwa juu. Angalia pia kitako kama kinaweza kuinamishwa, maana madigadi ina mteremko na fimbo inapaswa kusimama wima. Chini ya bati pima nafasi: usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi lisiguse mwili wa antena.

Urefu wa kebo ndipo wengi wanapokosea. Antena ya madigadi ya mbele kwa kawaida hutosheka na mita 1.5 au chini kidogo. Ya nyuma inataka mita 4 au zaidi. Nunua yenye kebo inayofika, usiunge. Na usikubali fundi akubadilishie kwa kebo ya televisheni, hata kama inafanana. Kwenye AM wimbi la 1000 kHz lina urefu wa mita 300, hivyo fimbo ya chini ya mita moja inatoa mawimbi hafifu mno, na kebo yenye kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) kubwa inayameza kabla hayajafika kwenye redio. Kebo halisi ya antena ya gari ina waya mwembamba kama unywele katikati na hewa nyingi kuuzunguka, ili kupunguza umezaji huo. Ya televisheni ina kapasitansi mara mbili hivi kwa kila mita. FM itasikika, AM itakufa.

Kabla ya kulipa, pima kwa mita ya fundi umeme iliyowekwa kwenye ohmu: ncha ya fimbo hadi pini ya plagi isome karibu na sifuri, pini hadi ganda la nje la plagi ionyeshe kwamba hakuna muunganisho.

2. Fimbo mpya ndani ya mota ya zamani

Baadhi ya Mercedes W123 na sedani nyingine za miaka ya 1970 na 1980 zilikuja na antena inayopanda yenyewe, mota ikiwa imejificha ndani ya buti. Ikiwa mota bado inanguruma redio ikiwashwa lakini fimbo haisogei, kilichokatika mara nyingi ni uzi wa nailoni wenye meno. Nunua fimbo pamoja na uzi wake tu. Hakikisha uzi una urefu na unene sawa na wa zamani, na meno yake yanafanana.

Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Fungua nati ya juu, mwenzako awashe redio, mota isukume fimbo ya zamani itoke yote. Ingiza uzi mpya, meno yakielekea kwenye gia, sukuma mpaka uhisi umeshika, kisha azime redio na mota itauvuta ndani. Ukiona kipande cha uzi wa zamani hakikutoka, usilazimishe. Fungua kifuniko cha mota ukitoe, la sivyo kitasaga uzi mpya siku hiyohiyo. Chunguza pia mpira wa kutolea maji chini ya mota. Ukiziba, maji ya mvua hujaa na mota huoza.

Kununua mota nzima mpya ni hatua ya mwisho. Ina waya mitatu: wa betri moja kwa moja, wa ethi (unaofungwa kwenye bati la gari), na wa ishara kutoka kwenye redio. Waya wa ishara wa redio hauwezi kubeba mzigo wa mota. Kama mota uliyonunua haina relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ndani, weka ya nje.

Fimbo isafishwe kwa kitambaa na mafuta mepesi ya cherehani, kisha ifutwe ikauke. Grisi hukusanya vumbi na kuikwamisha.

3. Antena ya kujificha yenye kikuza mawimbi

Inabandikwa kwenye kioo au chini ya dashibodi. Inafaa pale tu ambapo mwenye gari hataki kabisa kutoboa bati lisilowahi kutobolewa, na hilo ni jambo la kuheshimu. Mjini FM itatosha. AM ni dhaifu, na kelele za injini hukuzwa pamoja na muziki. Onyo moja: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi, yaani ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kikuza kilichoundwa kwa hasi kwenye bodi kinaweza kuungua mara tu ukikiunga. Fimbo ya kawaida haina tatizo hilo.

4. Vijiti vifupi vya raba na mapezi ya papa

Viache. Kijiti cha sentimita 20 hakifikii robo ya wimbi, na pezi la papa (antena fupi ya juu ya paa yenye umbo la pezi) linaharibu sura ya gari.

Ethi kuliko chapa

Antena bora ikifungwa juu ya rangi ni bure. Upande wa chini wa tundu, kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka bati ling'ae kwa upana wa washa yenye meno. Kaza, kisha pima: ganda la plagi hadi hasi ya betri, isizidi ohmu moja (kwa magari yale ya chanya kwenye bodi, pima hadi chanya). Ndipo upake vaselini au rangi ya kuzuia kutu kuzunguka kiungo. Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, na penye kitako cha chuma na unyevu aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Hapo vaselini ni lazima.

Redio ya AM ya zamani mara nyingi ina skrubu ndogo karibu na tundu la antena. Vuta fimbo yote, tafuta stesheni hafifu karibu na 1400 kHz, zungusha skrubu polepole mpaka sauti iwe kubwa kuliko zote. Wengi huruka hatua hii, halafu wanailaumu antena.

Zikibaki kelele zinazopanda na mwendo wa injini, chomoa antena huku redio ikiwaka. Zikikatika, zinaingia kupitia antena: rudia ethi, na tumia plagi za injini zenye rezista. Zikiendelea, zinapita kwenye waya wa moto wa redio: funga kondensa ya kuzuia kelele kwenye upande wa koili unaotoka swichi, kamwe si upande unaokwenda kwenye distribyuta, maana huko itaharibu cheche.