Meno yenye ganzi: anza na dawa ya meno, leza iwe ya mwisho

Jino likishtuka kwa maji baridi au embe bichi kisha likatulia baada ya sekunde chache, dentini, yaani tabaka la ndani la jino, iko wazi mahali fulani, mara nyingi shingoni mwa jino ambako ufizi umeshuka. Likiuma kwa dakika kadhaa au likikuamsha usiku, huenda limetoboka au lina ufa. Mwone daktari kabla ya kununua chochote.

1. Dawa ya meno kwa meno yenye ganzi. Soma viambato nyuma ya boksi: potasiamu naitreti asilimia 5, au stanasi floraidi asilimia 0.454. Potasiamu hutuliza neva na huhitaji wiki 2 hadi 4. Stanasi huziba vijitundu vya dentini. Tumia mswaki laini mara mbili kwa siku, tema povu, usisukutue. Usiiache baada ya siku chache, wakati bado haijaanza kazi.

2. Vanishi ya floraidi. Sodiamu floraidi asilimia 5, hupakwa kliniki kwa dakika chache. Siku hiyo kula vyakula laini visivyo vya moto.

3. Kuziba. Ukucha ukinasa kwenye mfereji shingoni mwa jino, vanishi haitoshi. Jino hilo lizibwe, kwa mfano kwa glasi ayonoma, aina ya kijazio cha meno.

4. Leza. Leza ya dayodi, nanomita 810 hadi 980 (urefu wa wimbi la mwanga wake) kwa nguvu ndogo, hutuliza neva. Aina nyingine ya leza, Nd:YAG, nanomita 1064, huyeyusha uso wa dentini na kufunga vijitundu. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha huenda leza hupunguza maumivu, ila ushahidi ni hafifu; kwa bei yake, hiyo haitoshi kuipandisha juu. Inamfaa aliyemaliza mwezi na dawa ya meno, akapakwa vanishi, na bado jino moja au mawili yanamsumbua.

Kabla ya kulipa uliza: ni mashine gani? Bei ni ya jino au ya kikao? Vikao vingapi? Kisha tazama miwani: namba ya nanomita iliyoandikwa juu yake lazima ilingane na ya mashine, na wewe pia uvae. Mwanga ukikaa mahali pamoja hupasha moto kiini cha jino, hivyo ukihisi joto linapanda, inua mkono mara moja.

Vitaa vya bluu vinavyouzwa mtandaoni si leza. Ni vya kung'arisha meno, na dawa yake yenyewe huleta ganzi.