Midia ipi ununue kupimia bakteria wa kinyesi: mpangilio kwa maabara za Mtwara na Lindi

Anayeagiza midia ya kuotesha bakteria kwa maabara ya Mtwara au Lindi hana budi kuamua kwanza anatafuta jibu gani. Koliformu, kundi la bakteria wakiwemo wa utumbo, kwa jumla huishi pia kwenye udongo na mimea, na katika nchi za joto huweza kuongezeka nje ya utumbo. Kwa hiyo kuwakuta katika kisima kifupi cha Mikindani hakuthibitishi kwamba kinyesi kimeingia humo. Ushahidi wenye uzito ni Escherichia coli (E. coli), koliformu wa utumboni, ambaye Shirika la Afya Duniani linataka asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Nimepanga midia hizi kwa kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa TBX, ambayo ni agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria kwenye sahani. Chumvi zake za nyongo huzuia bakteria wengi wasio wa utumbo, joto la nyuzi 44 huwapunguza zaidi, na kemikali yake ya rangi huvunjwa na kimeng'enya ambacho E. coli karibu wote wanacho, hivyo makoloni yao, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, hutoka na rangi ya buluu-kijani baada ya saa 18 hadi 24. Midia hii hupima chakula, wakiwemo samaki na pweza wa Kilwa, na huweza pia kupokea kichujio kilichopitishiwa maji. Inahitaji otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, pamoja na inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria) inayoshikilia nyuzi 44 bila kuyumba. Umeme ukikatika usiku kucha, sahani hizo zisisomwe. Mnunuzi afahamu pia kwamba E. coli wa aina ya O157, ambaye ni hatari sana, kwa kawaida haonekani kwenye TBX, na anayemtafuta atahitaji midia nyingine.

Ya pili ni agari ya rangi ya koliformu, maarufu kama CCA, ambayo huonyesha E. coli kwa buluu iliyokolea au zambarau na koliformu wengine kwa waridi au nyekundu, katika nyuzi 36. Kwa maji ya bomba yaliyotiwa dawa ningeichagua kabla ya TBX, maana sahani moja hutoa majibu mawili na midia yenyewe huchemshwa tu. Kilichoishusha ni visima: maji yenye bakteria wengi wa kila namna hufunika sahani hiyo hadi isihesabike.

Kwa wanaopima vijijini, kama Newala au Nachingwea, kwa vifaa vya kubeba mkononi, midia ya kimiminika iitwayo lauryl sulphate ndiyo inayofaa. Gramu 38.1 za unga wake hutengeneza nusu lita, inayotosha vipimo vipatavyo 200. Makoloni yake ya manjano yahesabiwe mara sahani zinapotoka kwenye inkubeta, kwa sababu rangi hubadilika zikipoa, na ikumbukwe kwamba hao ni koliformu wanaostahimili joto, si lazima wawe E. coli.

Maabara isiyo na otoklevu inunue sahani kavu zilizokwisha kutengenezwa. Bei ya kila kipimo ni kubwa zaidi, lakini makosa ya kupima unga na kuchemsha hayapo.

Agari ya MacConkey naiweka mwisho. Ni nafuu, na hospitalini ina kazi yake, ila waridi yake humaanisha tu kwamba bakteria amechachusha laktosi, yaani sukari ya maziwa. Slanetz-Bartley, midia ya kupimia enterokoki, kundi jingine la bakteria wa utumbo, iko nje ya mpangilio huu. Anayepima maji ya bahari aiongeze, kwa kuwa bakteria hao hudumu zaidi katika maji ya chumvi kuliko E. coli. Ina azidi ya sodiamu, ambayo ni sumu, kwa hiyo mpimaji avae glavu na asivute vumbi lake.

Kuhusu ujazo, nasisitiza chupa ndogo. Gramu 500 za TBX hutengeneza sahani zaidi ya 600, na maabara ndogo ya pwani itakuwa ikifungua chupa hiyohiyo kwa miezi mingi huku unga ukinyonya unyevu. Unga ulioganda mabonge au kubadilika rangi utupwe. Muuzaji wa Dar es Salaam atoe cheti cha toleo husika na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipwa, na mzigo unapofika, sahani za kwanza zipandwe E. coli anayejulikana pamoja na Enterococcus faecalis: wa kwanza aote kwa rangi yake, wa pili azuiwe. Toleo lisilofaulu hapo lirudishwe kabla ya sampuli yoyote ya mteja kupimwa.